Mti wa Mama Kwenye Ndoo ya Rangi

Mpaka leo sipendi kuona ndoo imeoshwa ikafunikwa kichwa chini juani. Mama mkwe wangu ana ndoo nyingi, mkulima wa viazi hawezi kukosa ndoo, na akishaziosha huzipanga kwenye mbao nyuma ya jikoni zikauke. Kila nikipita hapo nakaza macho mbele. Watu wa boma hili wanasema nina hasira ya kuzaliwa nayo. Si kweli. Nilizaliwa nayo kidogo tu, hii nyingine nilipewa hapa hapa Mau Narok, na nitaeleza nilivyopewa.

Mama yangu mzazi alifanya kazi ya maua Naivasha miaka yote ninayoikumbuka. Alianzia kwenye grinhausi, baadaye akapelekwa kule wanakopanga maua, anasimama kutwa nzima kwenye baridi ya kutengenezwa akichambua waridi za kupelekwa ng'ambo kwa ndege. Tuliishi Kamere, karibu kabisa na ziwa. Sasa usidhani mtu wa kazi kama hiyo akirudi nyumbani anataka kuona waridi. Mama alizichukia. "Hizo si maua," alikuwa akisema akivua gumbuti mlangoni. "Hizo ni kazi. Hebu nusa. Kuna harufu yoyote hapo?" Na kweli harufu haikuwepo, kwa sababu waridi za kusafiri hazitafutiwi harufu, zinatafutiwa shingo ndefu na uvumilivu.

Ua lake lilikuwa lingine. Wenye mahoteli wanauita mti wake franjipani. Sisi Kamere tuliuita tu mti wa maziwa, kwa sababu ukiuvunja tawi unatiririsha utomvu mweupe. Mama aliokota tawi nje ya geti la meneja, siku mtunza bustani alipokuwa amepunguza matawi na kuyarundika ayachome. Akalileta nyumbani ndani ya leso. Hakulipanda siku hiyo. Alililaza juu ya kabati wiki kadhaa mpaka kidonda chake kikakauka, ndipo akalichomeka kwenye ndoo ya rangi ya nyumba aliyoitoboa matako kwa msumari wa moto. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo na nilimcheka. Kijiti kimesimama kwenye ndoo, hakina hata jani, na mama anakisalimia asubuhi akienda kazini.

Kikamea. Kikafanya majani mapana, halafu kikachanua: maua meupe, katikati manjano. Jioni harufu yake iliingia kwenye chumba chetu mpaka ikafunika ya mafuta ya taa na ya samaki waliokuwa wakikaangwa na jirani. Mama alikuwa akiketi kwenye kistuli kando ya ile ndoo, miguu kwenye karai la maji ya chumvi, hasemi na mtu. Tulijua saa hiyo asisumbuliwe.

Ziwa lilipoanza kupanda, mimi nilikuwa nimeshaolewa huku juu na nina watoto. Maji hayakuja kwa fujo. Leo yanalowesha ua, kesho yako chooni, mpaka asubuhi moja mama akashusha mguu kutoka kitandani akakanyaga maji. Ploti ile aliinunua kwa jasho la maisha yake yote, akajenga nyumba ya mabati polepole, mwaka huu ukuta, mwaka ujao mlango. Sasa viboko wanapumzika mahali palipokuwa na jiko lake. Aliokoa godoro, sufuria, Biblia na ile ndoo. Jirani aliniambia alimwona akitoka nayo kifuani, maji yakiwa magotini, na hakukubali kusaidiwa.

Nikaenda kumchukua. Lakini hapo pana shida ambayo mtu wa kwetu anaielewa bila kuelezwa. Mama wa mke hakai kwa mkwe. Anakuja na kiondo kimejaa, anachinjiwa kuku, analala siku mbili tatu, anasindikizwa na zawadi. Akikaa zaidi ya hapo watu wanaanza kuulizana kama hana kwake. Na mama hakuwa na kwake, hilo ndilo lililomchoma. Nilimbembeleza siku nzima kwenye darasa la kanisa walikokuwa wamewekwa waliohamishwa na maji. Mwishowe akasema, "Nitakuja. Lakini nakuja na mti wangu. Ukishika huko kwenu, na mimi nitashika. Ukikataa, nitajua huko si mahali pangu, nitarudi, na usije ukanililia."

Nilikubali haraka haraka. Nilidhani anasema tu ili safari isimwume sana. Wacha! Mama hakuwa mtu wa kusema tu.

Bwanangu aliazima pikapu ya jirani tukapanda nayo. Mama alikaa mbele, ndoo katikati ya miguu, na tulipopita Njoro akasema madirisha yafungwe, mti unapigwa na upepo. Nyuma kulikuwa na gunia la pamisi, yale mawe mepesi ya volkeno wanayoyatumia kwenye mashamba ya maua badala ya udongo. Mama mkwe alipotupokea aliliinua lile gunia kwa mkono mmoja akashangaa. "Mkwe, umetuletea mawe? Kwani huku Mau tumekosa mchanga?"

"Mchanga wenu ni wa viazi, mkwe," mama akajibu. "Mti huu ukiupanda hapo utaoza miguu."

Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko kizuri, na mimi nikashusha pumzi. Sikujua kama mama mkwe alikuwa amelihifadhi lile neno, kwamba mchanga wake unaozesha kitu.

Mau Narok ni baridi, sijui niseme vipi mtu wa mahali pa joto anielewe. Kuna asubuhi za Januari unaamka nyasi ni nyeupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba, na shamba la viazi lililokuwa kijani jana limekuwa jeusi kama limemwagiwa maji moto. Halafu kuna Julai na Agosti, jua halionekani, ukungu unashinda mlangoni. Mti wa maziwa haujui mambo hayo. Ndiyo maana hatukuutoa kwenye ndoo hata siku moja, kwa sababu kilicho ardhini huwezi kukiingiza ndani. Mama aliipaka ndoo rangi nyeusi ili ishike jua. Aliisimamisha juu ya mawe, kwenye ukuta wa jikoni unaotazama mashariki, mahali ambapo moto wa kuni huupasha ukuta kwa ndani. Jioni tunauingiza jikoni. Asubuhi, sakitu ikishayeyuka, tunautoa. Nikiwa shambani bwanangu alikuwa akiubeba yeye, na wakati mwingine alimtania mama, "Mama, huyu mtoto wako wa ndoo mbona haanzi kutembea?"

"Mti wa joto hauuawi na baridi peke yake," mama aliniambia. "Unauawa na baridi na maji vikikutana. Ukiona unaangusha majani, usiuguse. Umelala. Usiumwagilie hata tone mpaka uamke wenyewe."

Sheria ilikuwa hiyo moja, na mama mkwe aliivunja mwezi wa kwanza wa baridi. Aliuona mti umebaki vijiti, akaona huruma, akamimina maji aliyosuuzia birika la chai. Mama alitoka jikoni mbio, "Mkwe! Unaniulia mtoto!" na akauinamisha mti na ndoo yake ili maji yatoke. Maneno yale aliyasema kwa sauti, na kulikuwa na wanawake wa kanisa wamekuja kuchukua viazi. Mama mkwe aliweka birika chini polepole. Kuambiwa unaua, na mgeni, ndani ya boma lako mwenyewe, mbele ya watu! Nilienda nikamwomba msamaha kwa niaba ya mama. Akaniambia hakuna neno. Ukiambiwa hakuna neno na mama mkwe, ujue maneno yapo mengi.

Baridi ile ya kwanza kila mtu alisema mti umekufa. Ulikuwa vijiti vinene vya kijivu, kama vidole gumba vimeinuliwa. Mama alikuwa akikwaruza gome kwa ukucha ananionyesha: chini yake kijani. "Uko hai. Unatusikia tunavyousema." Na joto liliporudi, nchani kwa kila kidole kukatokea jani, kwanza limefungwa kama mwavuli, halafu likafunguka. Aii, mama alivyofurahi! Alizunguka boma anawaita watoto waje waone. Siku chache baadaye akaniomba jembe, akalima kipande nyuma ya nyumba akapanda sukuma na dania. Akaanza kwenda kwa ushirika wa wanawake. Siku moja tukiwa sokoni, amechoka, akaniambia, "Twende nyumbani sasa." Hakugundua amesema nini. Mimi niligundua, na nilijifanya nafunga kiondo ili asione machozi.

Kwa hivyo naomba ieleweke. Ule haukuwa mti wa mapambo. Mama alikuwa ameweka maisha yake ya uzee kwenye ile ndoo, na mimi nilikuwa nimeyaweka hapo pamoja naye. Bwanangu alijua. Nilimweleza mwenyewe tukiwa tunakunywa chai, ndoo ikiwa mbele yetu, akatikisa kichwa akasema mama yangu ni mtu wa ajabu.

Mwaka wa pili mti ukanenepa. Mwisho wa miezi ya joto ncha zake zilivimba, na mama akasema baridi hii ikipita, utachanua. Alisema kwa sauti ya chini, hakutaka mti usikie anauharakisha. Halafu baridi ikaja, majani yakaanguka, nasi tukaacha kuumwagilia kama kawaida.

Sasa nieleze upande wa mama mkwe, maana sitaki kuambiwa nilimsingizia. Yeye huuza mbegu za viazi. Si viazi vya kula, ni mbegu safi, na watu wa kukagua huja kuzipima shambani kabla hazijauzwa. Adui wa mbegu anaitwa mnyauko. Huo ugonjwa ukiingia shambani umekwisha, unakaa kwenye mchanga miaka, unahama na gumbuti, na jembe, na maji ya mvua. Zamani, kabla sijaolewa hapa, uliwahi kufagia shamba lake zima. Ndiyo maana huku kwetu mmea ukinyauka hatuuhurumii. Unang'olewa na mchanga wake wote, unatupwa kwenye shimo mbali na shamba, unamwagiwa jivu. Na ukiwa na wasiwasi kuna njia ya kupima tuliyofundishwa na afisa wa kilimo: unakata shina, unalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unangoja. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya maji, huo ni mnyauko. Mimi mwenyewe nimewafundisha majirani njia hiyo.

Juma lile mnyauko ulikuwa umeonekana kwa jirani wa chini yetu. Boma zima lilikuwa roho juu. Wakaguzi walikuwa wanatarajiwa siku yoyote. Na mama alikuwa na siku yake ya kliniki Nakuru, ya presha, kwa hivyo mimi na yeye tukaondoka asubuhi. Kabla ya kutoka alimwomba bwanangu autoe mti nje jua likitokea. Akasema, "Sawa mama."

Tuliporudi jua lilikuwa bado halijazama. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ndoo. Imeoshwa, imefunikwa kichwa chini kwenye mbao, nyeusi kati ya ndoo zingine nyeupe. Matundu ya chini yalikuwa yanaangalia juu. Mama naye aliiona. Aliendelea kutembea kuelekea jikoni na mkoba wake wa dawa, kama mtu ambaye bado anategemea kuambiwa mti umehamishiwa chombo kingine.

Mama mkwe alitupokea na glasi mkononi. Haki ya Mungu, alikuwa ameiweka dirishani akitungojea. Maji yake yalikuwa yamechafuka meupe, na ndani kipande cha tawi. "Mkwe, pole," akasema, "lakini ona mwenyewe. Si nilisema mti huu ni mgonjwa? Umenyauka wote. Nimeupima. Ona vile ulimwaga maziwa."

Mama aliichukua ile glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaiangalia kwa makini. Halafu akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile.

"Mkwe," akasema, "huu unaitwa mti wa maziwa. Ukiukata unatoa maziwa. Hata mimi ukinikata nitatoa damu. Utasema naumwa?"

"Mbegu zangu zinakaguliwa wiki hii. Ningengoja mpaka wakute ugonjwa jikoni kwangu?"

"Ungengoja nirudi kutoka Nakuru."

Mimi nilimgeukia bwanangu. Alikuwa amesimama mlangoni na gumbuti zina jivu. Nikamuuliza nani ameung'oa mti. Akasema yeye. Nikamuuliza, wewe uliyeubeba mwaka mzima uliopita, uliyeona umekauka na ukaona umefufuka, wewe ndiye uliyeung'oa? Akaangalia chini akasema, "Mama aliona maziwa kwenye glasi. Ningemwambia nini?"

Ungemwambia ulichokijua! Nilimwambia hivyo na mengine mengi ambayo hayaandikiki. Majirani walisikia, na sikujali. Ninachoshindwa kumeza mpaka leo si kosa la mama mkwe. Yeye alipima kwa njia anayoijua akaona anachokiogopa. Ingawa wakati mwingine, nikikumbuka siku ya birika, najiuliza kama aliogopa tu au pia alifurahi kidogo. Lakini huyu wangu alijua. Alijua akanyamaza, kwa sababu kunyamaza ni rahisi.

Mama hakupigana na mtu. Alikunywa uji, akalala. Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akashuka mpaka lile shimo la takataka za shamba. Nilimfuata. Mti ulikuwa juu juu, umekatwa vipande na kufunikwa jivu, kwa sababu bwanangu alikuwa na haraka. Mama mkwe aliita kutoka juu, "Mkwe, usitoe hiyo, utatuletea ugonjwa!" Mama akainama akachomoa tawi moja, akalipangusa jivu kwa leso taratibu, akalifunga.

"Nipeleke stendi," akaniambia.

"Mama, utaenda wapi? Kule ni maji."

"Si tulikubaliana? Mti umekataliwa, na mimi nimekataliwa. Sikuja kugombana na watu kwao."

Nililia, nikamshika koti barabarani kama mtoto. Bwanangu alikuja na pikapu, akaomba msamaha, mama akamwambia, "Nimesamehe, baba," na akaingia ndani ya gari, akafunga mlango. Mama mkwe alimtumia nusu gunia la viazi. Zile ndoo zilizokauka, ile nyeusi pia, zilishatumika asubuhi ile ile kubebea mbegu.

Alipanga chumba Kamere upande wa juu, karibu na barabara, mbali na maji. Nilikuwa nikienda kumwona kila nilipopata nafasi, na kila mara nilimwomba arudi. Alibadilisha mazungumzo. Lile tawi alililaza juu ya kabati kama zamani, na aliniambia jivu limelisaidia, limefunga kidonda vizuri. "Mshukuru mama mkwe wako," akasema, na sikujua kama ananitania. Akalipanda kwenye ndoo nyingine ya rangi. Huko joto liko, halikuhitaji kuingizwa ndani wala kutolewa nje. Likashika bila shida yoyote, na kabla ya Krismasi ya mwaka uliofuata likachanua. Nilikaa naye nje jioni hiyo, miguu yake kwenye karai. Harufu ilikuwa ile ile. Nilitamani kufurahi nikashindwa, kwa sababu kila nikivuta pumzi nilijua harufu hiyo ilipaswa kuwa kwangu.

Mama alifariki peke yake kwenye kile chumba. Ilikuwa presha. Jirani alibisha asubuhi kumwomba kiberiti akakuta kimya. Daktari alisema huenda alianguka tu, labda aliita, labda hakuita. Mimi najua kitu kimoja. Chumba alicholala kwangu kilipakana na changu, ukuta ulikuwa wa mbao, nilikuwa nasikia hata akigeuka kitandani. Angekuwa kwangu ningemsikia. Nasema hivyo kila siku, na kila siku hakuna anayenijibu.

Mama mkwe alikuja kwenye mazishi. Alikuja na wanawake wa kanisa, wakaimba, wakapika, siwezi kusema hawakusaidia. Tulipotoka makaburini tulirudi kwenye chumba cha mama kupewa chai, na pale mlangoni ndoo ilikuwa imesimama, mti umejaa maua, watu wanaupita wakiugusa. Mama mkwe alisimama. Akainama akanusa, akafunga macho.

"Woi, ua hili ni zuri," akasema. "Linaitwaje? Nikipewa tawi, linaweza kumea kwetu?"

Nilimwangalia nikidhani ananifanyia mzaha. Hapana. Hakuutambua. Miaka miwili ulikaa jikoni kwake, na hakuwahi kuuona una ua, kwa hivyo kwake yeye huu ulikuwa mti mwingine kabisa.

Nikashika tawi nene nikalivunja. Maziwa yakatoka, yakanitiririkia vidoleni, na nilipompa yakamtiririkia yeye mpaka kwenye mkono wa sweta. Akayaangalia. Akaangalia ndoo, akaangalia mlango wa mama. Nikaona uso wake ukianza kuelewa.

"Chukua, mama," nikamwambia. "Lakini ukifika nyumbani, liweke kwanza kwenye glasi uone kama lina ugonjwa."

Wanawake waliokuwa karibu hawakuelewa. Yeye alielewa. Alilifunga tawi kwenye kitambaa cha kichwa chake, akasafiri nalo kichwa wazi mpaka Mau Narok, akiwa ameketi kiti cha mbele yangu.

Alilipanda. Alichukua ndoo ile ile nyeusi, akaisimamisha ukuta ule ule wa jikoni, na gunia la pamisi lililokuwa limesahaulika ghalani akalimimina humo. Mwaka wa kwanza mti ulifanya majani. Sasa ni Agosti, yote yameanguka. Juzi aliniita, akasimama nami kando ya ndoo, mikono ndani ya aproni.

"Huu mti umekufa?" akauliza.

Nikainama nikakwaruza gome kwa ukucha, nimempa mgongo. Chini kulikuwa kijani, kibichi kabisa.

"Hata mimi sijui, mama," nikasema. "Kama una wasiwasi, si unajua kupima?"

Hajaupima, wala hajaung'oa. Kila jioni namsikia akiiburuta ile ndoo kuiingiza jikoni, anapumzika katikati ya njia, anaiburuta tena. Mgongo wake umeanza kumsumbua. Bwanangu huniangalia nitoke nikamsaidie. Mimi naendelea kumenya viazi.